Njia ya baskeli kupita mtaani kwetu Ngamiani, wenye uzoefu tusaidieni kabla ya mkutano

MwenyeBaraza
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mkazi wa Tanga mjini, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, yangu ni ya ngapi sitasema maana mtaani tunajuana na mwenyekiti wetu humu najua anapitapita. Sasa kuna jambo limetukuta. Mjumbe kapita nyumba kwa nyumba anasema jumapili baada ya laasiri kuna mkutano wa mtaa, ajenda ni moja tu, kuna mradi wa njia ya baskeli unataka kupita hapa kwetu, unaanzia upande wa Makorora unashuka mpaka mjini, na wananchi tunatakiwa kutoa maoni. Maoni gani sasa wakati mchoro wenyewe hatujauona? Kabla ya hapo walishapita vijana wawili wamevaa vile vizibao vya kung'aa, mmoja kakandamiza ncha ya tepu kwenye ukuta wa baraza langu mwenzie anavuka nayo ng'ambo huku boda zinampigia honi, nikawauliza wanangu mnapima nini hapo, wakajibu tunachukua vipimo tu mzee, wakaandika kwenye simu wakaenda zao.

Nilivyosikia kwa mtu aliyeuona huo mchoro ni kwamba upande mmoja wote wa barabara, wa kushoto ukiwa unaelekea mjini, unachukuliwa, upana kama mita mbili na nusu hivi, baskeli za kwenda na za kurudi zinapishana humo humo, na kati yake na magari wanaweka kingo ya zege. Huo upande wa kushoto ndo upande wangu.

Nisieleweke vibaya, sijaja kupinga baskeli, Tanga bila baskeli sio Tanga, mke wangu anayo, watoto wanaendea shule, mimi mwenyewe ni goti tu limenishusha. Ila nina duka la nafaka, fuso ya mchele ikija inasimama mbele ya mlango makuli wanashusha kwa mgongo moja kwa moja ndani, ikisimama ng'ambo ina maana wavuke na gunia la kilo mia kichwani katikati ya baskeli na pikipiki. Afu kuna turubai. Watu wa Tanga mnanielewa hapa, nyumba zetu hazina uwanja, ukifungua mlango uko barabarani, kwahiyo harusi, hitma, msiba, maulidi, vyote turubai linafungwa barabarani toka nguzo hii mpaka ile, mwenye gari anazunguka barabara ya pili na hanuni kwa sababu mwezi ujao zamu ni yake. Sasa kingo ya zege ikikaa hapo katikati viti tunapanga vipi na masufuria ya pilau yanakaa wapi? Jioni nako kuna akina mama wa mihogo na kachori, na yule bwana wa pweza, wote wako pale pale ukingoni juu ya mifuniko ya mtaro na hakuna aliyekuja kuwauliza kitu.

Lingine ndo linalowatoa wazee usingizi, wanauliza X, ile alama inayopakwa kwenye nyumba itakayovunjwa kupisha barabara. Mtu akiona tepu inapimwa kwenye ukuta wake anajua kesho kinakuja kikopo cha rangi.

Waliopitiwa na njia kama hizi, Dar au popote, ikawaje? Na kwenye mkutano tuulize nini ili tusionekane wabishi tu?

ChumviKidogo
Yaani Tanga nao wanagombana na baskeli 😂 dunia imefika ukingoni. Nasubiri kusikia Pemba wamegoma kula samaki.

Kipimatepu
Mkuu MwenyeBaraza pole na heko kwa kuuliza mapema, wengi huuliza greda likiwa limeshawasha. Mimi shughuli zangu ni barabara za mitaa, sio Tanga lakini kanuni ni zile zile, naomba nianze na X maana hiyo ndo inayochafua mikutano mingine haiendelei.

Kwanza ulizeni barabara yenu iko chini ya nani. Za mitaa tangu 2017 ziko kwa TARURA, zile kubwa za kuunganisha mikoa ni TANROADS, na hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, inatofautiana sana. Watu wanawaza ya Kimara ya 2017, pale nyumba zilivunjwa kwa hifadhi ya mita 121.5 kila upande, ile ilikuwa barabara kuu ya Morogoro, usiichukue ukaipeleka kwenye barabara ya namba ya Ngamiani ambayo baraza kwa baraza mnaweza kusalimiana kwa kupeana mkono. Pili rangi yenyewe. X nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi na hulipwi, X ya kijani maana yake umefuatwa na barabara ukiwa kwako kihalali, unathaminiwa na kulipwa fidia. Haki ya kutonyang'anywa mali bila fidia ya haki iko kwenye Katiba ibara ya 24, sio hisani ya mtu. Kwahiyo swali la kwanza pale mkutanoni, mwambieni mhandisi aseme mbele ya watu na katibu aandike kwenye muhtasari: je kuna ukuta, baraza au ngazi yoyote inayoguswa, ndio au hapana. Kama hapana wazee wataenda kulala.

Kuhusu vipimo, mita mbili na nusu kwa njia ya kwenda na kurudi ni finyu. Ukitaka baskeli mbili zipishane na moja ina karia limejaa makuti au ndoo mbili za samaki, ifike mita tatu. Ukiwa na mita mbili na nusu na kingo upande mmoja na mtaro wazi upande mwingine umetengeneza mtego. Ulizeni pia guta zitapita wapi, na mikokoteni, na baskeli za walemavu za magurudumu matatu, hivi vitu kwenye michoro huwa havipo kabisa, michoro mingi inachorwa kama barabarani kunapita kijana mmoja mwembamba kavaa kofia ngumu.

Na mtaro. Mtaro ndo nusu ya barabara. Kama njia inakaa juu ya mtaro mifuniko itakuwa ya aina gani? Ikiwa ya nondo, nondo zikilala kufuata njia tairi ya baskeli inazama katikati unaruka mbele, lazima zikatize. Na mifuniko ya zege mizito isiyo na mahali pa kuinulia, masika ya kwanza ikiziba mtu anaivunja kwa nyundo ili azibue, mwisho wa habari.

MamaKaria
Naomba na mimi niseme maana naona hapa mnaongea wenye maduka na wenye tepu, waendesha baskeli wenyewe kimya.

Mimi natoka huko huko Makorora kila asubuhi nashuka mjini kwenye shughuli zangu, mtoto namuweka nyuma kwenye karia, baibui nimelipandisha nimelifunga lisiingie kwenye cheni, na hiyo barabara ya kaka MwenyeBaraza au ya jirani yake ndo ninayopita. Niwaambie ilivyo. Upande wa kushoto kuna fuso inashusha, mbele yake bajaji imeegesha mwenyewe anakunywa chai, kwahiyo natoka mpaka katikati ya barabara, nyuma boda anapiga honi kama nimemuibia, narudi ukingoni nakuta mfuniko wa mtaro umevunjika, pale kwenye kona ya msikiti, nondo zimechomoza. Siku mvua imenyesha huoni kama kuna mfuniko au shimo. Mtoto ameshazoea, tukifika pale ananishika kiuno kwa nguvu bila kuambiwa.

Sasa kaka fuso yako ikizunguka ikasimama barabara ya pili utapungukiwa nini? Makuli watembee kidogo, wanalipwa.

Na lingine. Mkutano ni wa mtaa wenu, sisi tunaopita hatujaitwa. Mtaa wangu mjumbe hajapita kusema chochote. Yani anayepita kila siku hana sauti, anayelala hapo na kuegesha gari ndo anaamua. Hilo nalo liulizwe.

KimaraMwisho
Mimi nimeishi Dar kandokando ya Morogoro road tangu kabla mwendokasi haujaanza 2016 mpaka leo, wacha niwape ushuhuda.

Njia ya baskeli tuliwekewa, tena nzuri, pande zote mbili, laini, imetenganishwa na magari. Siku za mwanzo tulikuwa tunaiangalia kama sebule ya mgeni. Baadae kilichotokea ni hiki, foleni ikikaza boda anapanda, mmoja akipanda wote wanapanda, bajaji nazo zikaona kumbe inawezekana. Maeneo yenye watu wengi zikaja meza za viatu na chaja za simu, kwenye vituo ndo usiseme. Mwishoni mwa 2021 wamachinga walipopangwa upya njia zikafunguka ukawa unapita unashangaa, baadae taratibu wengine wakarudi. Mwenye baskeli yuko wapi? Yuko kwenye lami na magari, au anatembea kwa miguu anaikokota baskeli kwenye njia ya baskeli.

Sisemi njia ni mbaya. Nasema rangi na kibao cha alama ya baskeli havimzuii mtu. Kama hakuna nguzo za kuzuia na hakuna mtu wa kusimamia, mtakuwa mmejenga njia ya pili ya bodaboda, tena isiyo na matuta, inapita mlangoni kwenu kabisa watoto wanapotokea. Mzee MwenyeBaraza mimi ningeogopa hilo kuliko fuso.

Kipimatepu
KimaraMwisho umegonga penyewe. Niongeze la nguzo. Bajaji ina upana kama mita 1.3, kwahiyo ukiacha mita moja na nusu kati ya nguzo na nguzo bajaji inapita inakupungia mkono. Ukibana chini ya hapo bajaji umeizuia, lakini pikipiki usukani wake haufiki hata mita moja, itapita popote inapopita baskeli. Nguzo haimzuii boda, naomba hili mlielewe msije mkadanganywa mkutanoni. Kinachopunguza boda ni barabara ya pembeni isiwe na foleni ya kumfanya atamani, matuta madogo, na askari au mgambo anayekamata kweli.

BodaWaZamu
Naona kila mtu anatutaja. Sawa.

Nami naishi kwa kazi hiyo hapo hapo Tanga, kijiwe chetu kiko kona ya barabara mojawapo ya hizo, tuko kwenye kivuli cha mwarobaini, tumesajiliwa, tuna mwenyekiti na daftari. Mchoro ukipita upande wa kushoto kijiwe kimeondoka. Kuna aliyefikiria tunaenda wapi? Tukisogea mbele kwenye mlango wa mtu anatufukuza, tukikaa upande wa pili tunaziba magari. Afu mtasema boda wameingia kwenye njia ya baskeli, tutaingia kwa sababu ndo ilipokuwa kazi yetu.

Dada MamaKaria honi tunapiga kukujulisha tupo nyuma, sio ugomvi. Ila wapo wahuni siwatetei.

MamaKaria
BodaWaZamu honi moja inatosha kunijulisha kaka yangu. Hamsini ni nini?

MzeeWaKingora
Assalaam alaykum. Mnanikumbusha mbali. Vijana mnaongea kama njia ya baskeli ni kitu kipya Tanga. Wakati viwanda vinafanya kazi, kiwanda cha mbolea, cha chuma, na vile vya kamba za mkonge, king'ora kikilia asubuhi barabara hizo za Ngamiani zilikuwa mto wa baskeli, magari yalikuwa yanahesabika, mwenye gari ndiye aliyekuwa anasubiri. Phoenix, Raleigh, Swala, kengele tu unasikia. Jioni ukitoka kazini au ukiingia zamu ya usiku, taa ya dainamo usipoiwasha polisi anakushusha unatembea. Hatukuwa na kingo ya zege wala mchoro, barabara yote ilikuwa yetu. Viwanda vikafa, magari ya mitumba yakaja, pikipiki zikaja, sisi tukasukumwa mpaka kwenye mtaro. Sasa leo tunaambiwa tutapewa mita mbili na nusu na kwa hizo nazo mnagombana.

Mwanangu MwenyeBaraza kuhusu turubai usimuogope mhandisi. Kama ni kweli wanataka kingo, waambie wasijenge mfululizo, waache mapengo, na kingo iwe fupi ya kukanyagika, turubai nguzo zake zinasimama popote. Mimi nimeoza mabinti zangu wote kwenye barabara hizo, turubai limefungwa mpaka juu ya lori bovu lililokuwa limeegeshwa miezi. Harusi haijawahi kushindwa na zege.

MwenyeBaraza
Wa alaykum salaam mzee wangu, shikamoo. Umenichekesha la lori bovu, nadhani nalijua 😂

Dada MamaKaria nimekusikia, kweli kabisa hilo la mfuniko wa kona ya msikiti, tumeshamwambia mtendaji mara chungu nzima, wakazi wenyewe tumeweka tawi la mti kama alama. Ila la fuso unalirahisisha. Barabara ya pili nayo kuna wenye maduka, wataniambia kwani wewe mtaa wako umeuza? Na huyo kuli analipwa kwa gunia na kwa umbali, nikiongeza umbali bei inapanda, bei ikipanda kilo ya mchele inapanda, na anayenunua kilo ni wewe. Kama wangeniambia fuso zishushe kabla ya saa moja asubuhi kila siku hapo ningeelewa, naweza kumpanga dereva. Kuniambia hakuna kusimama kabisa masaa ishirini na nne ndo shida.

MamaKaria
Kabla ya saa moja mimi napita kaka. Saa kumi na mbili na nusu niko barabarani na mtoto wa shule. Sema saa nne mpaka saa saba mchana, jua kali, baskeli chache, hata mimi siwezi kulalamika.

MwenyeBaraza
Saa nne wateja wangu ndo wanakuja. Lakini haya, tunaweza kuongea hapo. Saa tano?

YukoGroningen
Hamjambo ndugu zangu, mimi ni mtu wa Pangani ila maisha yamenileta Uholanzi, naishi Groningen, mji ambao mtu akikuona unatembea kwa miguu anadhani baskeli yako imeibiwa. Nimesoma huu uzi wote nikasema nichangie maana wengi wanadhani huku walizaliwa na njia za baskeli.

Sio kweli. Miaka ya hamsini na sitini huku nako walikuwa wanapanua barabara kwa ajili ya magari na baskeli zinasukumwa pembeni kama mzee alivyosema ya Tanga. Miaka ya sabini watu wakaandamana, hasa wazazi, kwa sababu ya watoto waliokuwa wanagongwa. Hapa Groningen 1977 halmashauri ikagawa katikati ya mji vipande vinne, gari haliwezi kutoka kipande kimoja kwenda kingine moja kwa moja, lazima litoke nje lizunguke, baskeli inakatiza. Wenye maduka walikasirika kwelikweli, maneno yao ni yale yale ya MwenyeBaraza, mizigo, wateja, maegesho. Maduka yapo mpaka leo na mizigo inashushwa asubuhi kwa saa maalum, baada ya hapo malori hayaingii.

Ila nilichotaka kusema hasa ni kwamba kwa mtaa mwembamba kama wa Ngamiani huku wasingejenga njia ya pembeni yenye kingo. Mitaa kama hiyo wanaifanya barabara yote kuwa ya baskeli, lami nyekundu, na kibao kinasema gari ni mgeni. Gari linaruhusiwa, linapita, linashusha mzigo, lakini mwendo ni 30 na halina haki ya kumsukuma mwenye baskeli. Hakuna zege katikati. Turubai lingefungwa bila shida yoyote. Hiyo inawezekana tu kama magari yanayokatiza yamepunguzwa, yaani gari linaloingia ni la mwenye shughuli pale, sio la mtu anayekwepa foleni ya barabara kubwa.

Na boda, hata huku walisumbuliwa na skuta. Amsterdam zile skuta ndogo zilikuwa zinaruhusiwa kwenye njia za baskeli mpaka watu wakachoka, 2019 zikahamishiwa barabarani na magari na dereva akalazimishwa kuvaa helmeti. Ilichukua miaka ya kubishana.

KimaraMwisho
"Gari ni mgeni" 😂😂 huku kwetu mgeni akikaa siku tatu anapewa jembe, gari litakubali?

Lakini wazo zuri. Tatizo mwendo wa 30 nani anausimamia, sisi kwenye makazi kibao kinasema 50 na watu wanapita na 80.

Kipimatepu
Matuta, mkuu. Kibao hakisimamii, tuta linasimamia. Na kwenye barabara za namba mna bahati moja kubwa, zimenyooka na zinakatana kama ubao wa drafti, kwahiyo kuzuia gari kukatiza ni rahisi, unaweka nguzo kwenye makutano mamoja kila baada ya makutano kadhaa, gari linalazimika kukata kona, baskeli inaendelea moja kwa moja. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kumwaga zege njia nzima. Nasema hivi nikijua kabisa kwamba mkandarasi analipwa kwa zege, halipwi kwa akili.

Kitu kingine ombeni wajaribu kwanza. Mapipa yaliyojazwa mchanga, yapangwe pale kingo inapotakiwa kukaa, mwezi mmoja au miwili, harusi ipite, msiba upite, fuso ishushe, mvua inyeshe. Mtaona wenyewe wapi panabana. Pipa unalisogeza kwa watu wawili, zege likishakauka limekauka.

ChumviKidogo
Nilikuja kucheka nimeishia kusoma yote. MwenyeBaraza usituache hewani, tuletee mrejesho.

MwenyeBaraza
MREJESHO.

Mkutano ulifanyika, watu walijaa mpaka wengine wamesimama nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, nadhani kwa sababu ya uvumi wa X. Mhandisi alikuja na mchoro mkubwa kaubandika ukutani kwa gundi ya karatasi, ukawa unadondoka kila upepo ukija, mwishowe vijana wawili wakaushika kama wameshika khanga ya bibi harusi.

Nikauliza la kwanza kama Kipimatepu alivyonielekeza. Akajibu hakuna ukuta wala baraza linaloguswa, ngazi nne ndo zimetokeza na zitazungushiwa. Katibu akaandika, nikamwambia asome alichoandika, akasoma. Pale kelele zikapungua nusu, na watu wengi wakaondoka kabisa, jambo ambalo halikunifurahisha maana waliobaki ni sisi wenye maduka na wazee.

Turubai, alikuwa hajaliwaza hata kidogo, nilimuona usoni. Akasema kingo inaweza kuwa ya vipande na kati yake nguzo za kuchomoa, ufunguo unakaa kwa mtendaji na mwenye shughuli anaomba kibali. Bibi mmoja akamuuliza msiba unaombewa kibali saa ngapi, mtu akifa saa nane usiku nimuamshe mtendaji? Akakaa kimya akaandika.

Nikatoa wazo la YukoGroningen, barabara yote iwe ya baskeli, matuta na nguzo za kuzuia magari kukatiza, bila zege. Mhandisi alilipenda, nilimuona analichorachora pembeni ya daftari, lakini akasema maandishi ya mradi yanasema njia iliyotenganishwa na wanaotoa hela wanataka kuona njia iliyotenganishwa, kwahiyo atalipeleka juu lakini hawezi kuahidi. La mapipa ya mchanga pia kasema atalipeleka juu. Vitu vingi sana vimepelekwa juu siku hiyo.

Nikauliza na la dada MamaKaria, kwanini Makorora hawakuitwa na wao ndo wapitaji. Mwenyekiti akadakia kabla ya mhandisi, akasema huu ni mkutano wa wakazi wa mtaa huu wenye miaka kumi na nane kwenda juu, wa mtaa mwingine wana mwenyekiti wao. Kisheria yuko sawa. Mhandisi akasema watazungukia mitaa yote njia inapopita, wenu utafuata, hajataja tarehe. Dada jiandaeni, na hilo la saa za kushusha mizigo liseme wewe huko maana nikisema mimi wanaona natetea tumbo langu. Tumeandika saa tano mpaka saa saba.

Akina mama wa mihogo hawakuja hata mmoja, ilikuwa saa ya kuwasha jiko. Nimeenda kuwaambia jioni ile ile, mmoja akaniuliza hiyo njia itakuwa na taa? Nikasema kwenye mchoro nimeona nguzo za taa. Akasema basi walete, watu wakiona vizuri wananunua.

Mfuniko wa kona ya msikiti mhandisi aliuona kwa macho yake, tulimpeleka. Kasema utatengenezwa ndani ya mradi. Nikamwambia mradi lini, akasema bajeti ikipita. Kwahiyo jumamosi tunachanga mtaani, kuna fundi kasema mfuko mmoja wa saruji na nondo kidogo vinatosha, anayeweza kutuma chochote aje inbox.

MamaKaria
Ahsante kaka kwa kunisemea. Nipe namba ya fundi inbox, nachangia nondo.

BodaWaZamu
Na kijiwe?

MwenyeBaraza
Kimepelekwa juu.